Riwaya ya Wadruidi iliyopungua kurasa, na mzee anayeikodisha Makoroboi

Kitabu chenyewe hakina jalada. Ukurasa wa kwanza ulishachanika zamani, wa pili umebaki nusu, na hadithi inakupokea ikiwa tayari mvuani. Kwa hiyo sina jina la kukupa, nakupa alama. Mgongoni kimepakwa gundi ya kahawia, ukurasa wa 40 una duara la kikombe cha chai, na nyuma kabisa mtu amepiga kwa penseli hesabu ya magunia ya mpunga. Kiko kwenye meza ya vitabu vya mitumba Makoroboi, hapa Mwanza, kwa mzee anayeuza na kukodisha. Amana ni 5,000, kodi ya wiki ni 1,000, na ukikirudisha salama unapewa amana yako yote. Nimekaa nacho wiki tatu.

Mimi ni baharia wa pantoni inayovusha watu na magari kwenda upande wa Sengerema. Kazi yangu ni kamba, minyororo na mlango wa mbele: magari yakiingia nayapanga, tukigusa gati nashusha mlango yatoke. Katikati ya maji, ziwa likiwa limetulia, kuna muda ambao hakuna anayeniita. Hapo ndipo ninaposoma, nimekaa juu ya sanduku la maboya. Mzee wa vitabu ananijua na anajua ninavyopenda habari za watu wa kale. Siku hiyo alikitoa chini ya meza, hakikuwa hata kimepangwa na wenzake, akaniambia, "Ng'wana wane, hiki kina kisiwa na kina wavushaji. Chukua."

Ni riwaya ya kihistoria, kwa Kiingereza chepesi ambacho mtu wa kidato cha nne aliyezoea kusoma atakimudu. Inaanza mwaka wa 41 baada ya Kristo. Mtoto wa miaka tisa, baba yake mvushaji, anapelekwa kisiwa cha Mona akasomee udruidi. Mona ndiyo Anglesey ya leo, kaskazini ya Wales, na kinachoitenga na bara ni mkondo wa Menai ambao mahali pake pembamba haufiki nusu kilomita. Wadruidi ndio waliokuwa wasomi wa makabila ya Wakelti wa Uingereza na wa Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa. Walikuwa makuhani, waamuzi wa kesi, walimu wa habari za nyota na miungu. Masomo yao yaliweza kufika miaka 20. Sasa piga hesabu: aliyeanza mwaka wa 41 anamaliza 61. Jeshi la Roma chini ya Suetonius Paulinus linavuka mkondo mwaka wa 60. Mwandishi amemwacha mwanafunzi wake akiwa amebakiza mwaka mmoja, na kitabu kizima kinaning'inia kwenye mwaka huo.

Mwanafunzi hana jina. Walimu wanamwita Mtoto wa Mvushaji, kwa sababu jina litatolewa siku ya kumaliza. Kurasa 300 na kitu unatembea na mtu asiye na jina, na hupotei hata mara moja.

Kabla sijaingia ndani zaidi, niseme jambo la mti. Mti mtukufu wa Wadruidi ni mwaloni, na Pliny wa Roma alidhani hata jina lao limetokana na neno la Kigiriki la mti huo. Sisi wa Mwanza neno hilo tunalo masikioni kila siku, ila kwa maana nyingine kabisa: Mwaloni ni Kirumba, ni soko la samaki, ni dagaa na sangara wakavu wanaopakiwa kwenda mbali. Mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga. Mwaloni wa kwenye Biblia, ule wa Mamre ambako Ibrahimu alipiga hema, niliusoma utotoni nikiuona kuwa ni ufukwe. Kitabu hiki ndicho kilichonipa mti wenyewe. Kuna sura ambayo mtoto anaambiwa akae chini ya mwaloni mmoja tangu majani yachipue mpaka yadondoke, akirudi aeleze alichokiona. Anaeleza ndege, wadudu, tunda lake gumu lenye kofia ambalo nguruwe wanaligombania, gome linalopasuka upande mmoja tu. Mwalimu wake, ambaye ni kipofu, anamuuliza: na sauti yake upepo ukitoka baharini? Mtoto hakusikiliza. Anarudishwa mwaka mwingine.

Hapo nilifunga kitabu nikamkumbuka babu yangu. Babu alikuwa nfumu, yaani mganga wa jadi, huko upande wa Kisesa. Mimi hakunifundisha, alimfundisha shangazi. Nikiwa likizo niliwafuata porini. Babu akitaja mti alitaja mara moja. Ukiuliza tena, ananyamaza kama hajasikia. Shangazi alifumbishwa macho, akawekewa kipande cha mzizi mdomoni, akautambua kwa uchungu wake: huu wa tumbo, huu wa mtoto asiyelala, huu tema haraka. Mimi nilikuwa darasa la tano, mjanja wa daftari. Niliandika majina 11 ya miti nikamwonyesha. Babu aliichana ile karatasi taratibu, akafungia tumbaku yake, akasema karatasi ikilowa dawa imekufa, kichwa kikilowa kinakauka. Nilikasirika sana. Nilidhani ananinyima.

Nyuma ya riwaya mwandishi ameweka maelezo marefu ya alivyofanya utafiti, na humo nilikuta maneno ya Julius Caesar, yule jenerali aliyeiteka Gaul katika miaka ya 50 kabla ya Kristo. Anasema Wadruidi waliona si halali kuyaandika mafundisho yao, ingawa herufi walizijua, kwani kwenye mambo mengine walitumia za Kigiriki. Na anakisia sababu mbili. Ya kwanza, hawakutaka elimu yao itapakae kwa watu wote. Ya pili, hawakutaka mwanafunzi aegemee maandishi akaacha kuitunza kumbukumbu yake. Nilisoma pale tukiwa tunakaribia gati, karibu nichelewe kushika mnyororo. Caesar hakuwa rafiki wa watu hawa, aliwapiga vita miaka minane, lakini kwa sababu hiyo ya pili nilimsikia babu akisema.

Sehemu hii ya masomo ndiyo nguvu ya kitabu. Mwandishi amejua kwamba elimu ya kichwani si uchawi, ni jasho. Wanafunzi wanalala gizani na jiwe juu ya tumbo ili wasipitiwe na usingizi huku wakirudia beti. Wanasemeshana beti wakisaga shayiri, mmoja anaanza mstari na jiwe la kusagia linaposukumwa mbele, mwenzake anamaliza likirudi. Mmoja anapewa ugomvi wa mpaka wa shamba auamue, anakosea, na mwenye shamba anamlilia mbele ya watu. Hakuna moshi wa rangi wala radi ya kuitwa kwa fimbo. Chakula nacho kimekaa sawa: uji wa shayiri, maziwa, siagi yenye chumvi, samaki. Hakuna viazi wala mahindi, maana hivyo vilitoka bara la Amerika karne nyingi baadaye. Jambo hilo dogo lilinifanya nimwamini mwandishi, kwa sababu hata sisi tukisimulia habari za mababu tunawalisha ugali wa mahindi, wakati chakula cha Msukuma wa zamani kilikuwa mtama na uwele.

Kuhesabu siku kumenifurahisha pia. Caesar anaandika kwamba watu wa Gaul walihesabu kwa usiku, mchana ukifuata, hata siku za kuzaliwa na mwanzo wa mwezi. Mwandishi wetu amelichukua hilo akaliingiza kwenye mazungumzo bila kulieleza: watu wake wanasema "usiku wa tatu tangu aondoke," wanaahidiana "baada ya usiku saba." Msomaji wa Kizungu huenda akaona ajabu. Mswahili haoni ajabu yoyote, saa yetu ya kwanza usiku ndipo siku mpya inapoanza, na wazee wa Pwani wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha ule wa kuamkia Ijumaa. Mvuvi wa dagaa naye hahitaji kufundishwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa, anakaa nyumbani anashona nyavu. Giza likirudi anatoka. Maisha yake yote ni hesabu za usiku. Mwaka 1897 kule Coligny, Ufaransa, vilifukuliwa vipande vya bamba la shaba lenye kalenda ya Kigaul ya miaka mitano, kila siku na tundu lake la kuchomeka kijiti, miezi ya siku 30 imewekwa alama yake na ya siku 29 alama yake. Bamba hilo ni la baadaye kidogo kuliko hadithi, kwa hiyo mwandishi hakulichomeka Mona. Amemfanya mwalimu kipofu aijue kalenda yote kwa vidole, kiungo kwa kiungo. Ni busara.

Kisha kuna kirukia. Ndiyo, kile kijimti kinachootea juu ya mti wa mwenziwe, ambacho mwenye mchungwa anakikata kwa hasira. Wao kwao kina tunda jeupe lenye utomvu, hakipukutishi majani hata kwenye baridi kali, na kukikuta juu ya mwaloni ni bahati adimu. Pliny anasimulia: siku ya sita ya mwezi, kuhani mwenye vazi jeupe anapanda mwaloni, anakikata kwa mundu wa dhahabu, walio chini wanakidaka kwa nguo nyeupe, wanachinja mafahali wawili weupe. Walikiita kwa jina la kuponya kila kitu. Nilipofika kwenye sura hiyo nilikuwa na wasiwasi na huo mundu. Pantoni yetu inavusha watu wa Geita kila siku, na mtu wa machimbo yeyote atakwambia dhahabu safi ni laini, haikati tawi. Mwandishi ametoa mundu wa shaba iliyosuguliwa hadi ikang'aa jua la asubuhi, na mtoto aliye chini anaapa maisha yake yote kwamba aliona dhahabu. Hivyo ndivyo habari inavyomfikia Mrumi. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefikiri.

Kwenye hukumu napo nilikaa muda mrefu. Wadruidi hawakuwa na askari wala jela. Aliyekataa uamuzi wao alizuiwa kuhudhuria sadaka, na Caesar anasema hiyo ndiyo ilikuwa adhabu nzito kuliko zote, watu wakimkwepa njiani na kukwepa kuongea naye. Riwaya inaye mtu kama huyo, mfua chuma aliyekataa kumrudishia mjane ng'ombe. Anaendelea kufua. Nyundo inasikika, hakuna anayekuja kununua. Mke wake anakwenda kisimani saa ambayo wengine wametoka. Aliyekulia Usukumani na kuiona dagashida, baraza letu la jadi, ikimtenga mtu, asipewe moto wala asisalimiwe, hatahitaji kuelezwa kwa nini yule mfua chuma anakuja akilia, akiwavuta ng'ombe wawili badala ya mmoja.

Sasa makosa, nayo yapo.

La kwanza ni mawe. Katika sura ya saba wanafunzi wanasafirishwa hadi Stonehenge, mduara wa mawe makubwa ya kale kusini ya Uingereza, na mwalimu anawaambia kwamba mababu wa Wadruidi ndio walioyasimamisha kwa ibada zao. Yale mawe makubwa yalisimamishwa yapata mwaka 2500 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Mdruidi yeyote tunayesoma habari zake. Waliowafunga pamoja ni wasomi wa Kiingereza wa juzi tu, John Aubrey katika karne ya 17 na William Stukeley katika ya 18, na tangu hapo picha haitoki vichwani mwa watu. Mwandishi mwangalifu kiasi hiki cha kuacha viazi, kwa nini alibeba mawe? Na alikuwa na njia nzuri zaidi mkononi. Wanafunzi wangesimama pale wasijue nani aliyejenga, kama sisi tunavyopita chini ya mawe ya Mwanza yaliyopandana na kila mtu ana hadithi yake.

La pili ni zito na limenichukua muda. Ni sura ya sanamu kubwa ya fito zilizosukwa, watu wanajazwa ndani wakiwa hai, inachomwa. Habari hiyo imeandikwa na Caesar, mtu aliyekuwa na vita na watu hao na aliyehitaji kueleza Roma kwa nini anawaua. Mwandishi ameichukua kama ilivyo, ameiweka machoni pa Mtoto wa Mvushaji kama jambo la kawaida la mwaka, halafu sura inayofuata watu wanarudi kusaga shayiri. Haikai. Mtoto aliyemhurumia kondoo ukurasa wa 60 hawezi kuona hayo ukurasa wa 150 asibadilike.

Sisemi kwamba hawakuua. Mwaka 1984 kwenye kinamasi cha Lindow, Uingereza, wakataji wa udongo walikuta mwili wa mwanamume umehifadhika na tope. Alikuwa amepigwa kichwani, amenyongwa kwa kamba, amekatwa koo, na tumboni mwake kulikuwa na chembe za chavua ya kirukia. Kitu cha namna hiyo kilitokea, na sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna haki ya kujifanya hatuelewi. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa yetu hii kwa sababu ya uongo wa wapiga ramli. Bibi vizee waliuawa kwa wekundu wa macho uliotokana na moshi wa kuni walizopikia wajukuu. Mwaka 2009 serikali ilipofuta leseni za waganga wa jadi, babu yangu, ambaye hakuwahi kugusa damu zaidi ya ya kuku wa kuagulia, alipandisha mkoba wake darini na hakuushusha tena mpaka anakufa. Nilikuwa na hasira za pande mbili na sikujua niiweke wapi ipi. Roma nayo iliwapiga marufuku Wadruidi, Kaisari Tiberius kwanza na Kaisari Claudius baadaye, na sababu iliyotajwa ni damu. Riwaya ingeweza kutuketisha hapo katikati, mahali pagumu, ambapo mwalimu mwema na muuaji wanaitwa kwa jina moja na anayekuja kuwazuia ana upanga na anataka shamba. Mwandishi alifika mlangoni akageuka. Kwa hilo sijamsamehe.

Kuvuka mkondo, ambako ndiko nilikokusubiri kama mtu wa maji, kumeandikwa vizuri sana. Tacitus, mwanahistoria wa Roma, ametuachia picha: askari wa miguu kwenye mashua zenye vitako bapa kwa sababu ya maji machache, wapanda farasi wakipita penye kina kifupi au kuogelea kando ya farasi wao. Ng'ambo wanawake wenye nguo nyeusi wakikimbia na mienge kati ya watu, na Wadruidi wameinua mikono mbinguni wakimwaga laana, hata askari wa Roma wakasimama kama viungo vimekufa ganzi, mpaka walipotiana moyo wakasonga. Kisha wakaikata misitu mitakatifu. Mwandishi ameongeza jambo ambalo mtu wa ziwani lazima alisome mara mbili, maji kujaa na kupwa. Sisi ziwa letu halina hilo, mawimbi ni ya upepo. Kule mkondo unageuka, saa moja unakusukuma huku na saa nyingine kule. Baba wa mwanafunzi, yule mvushaji, anashikwa na Warumi awaonyeshe saa ya kuvuka. Anawadanganya kwa muda mfupi tu, kama wa kuchemsha chungu cha uji. Mashua tatu zinabebwa na maji. Nyingine zinafika. Sikuweza kusoma zaidi safari ile.

Na kuna mnyororo. Mwaka 1942 kwenye kisiwa hicho hicho, wakichota tope jeusi ili kujenga uwanja wa ndege za vita, wafanyakazi walikuta mnyororo wa chuma. Wakaufunga kwenye trekta, wakavutia malori yaliyokwama, na ulivuta. Baadaye ikajulikana kuwa ulikuwa na umri wa miaka 2,000 hivi, mnyororo wa kufungia shingo za mateka, na kwamba ziwa dogo la Llyn Cerrig Bach lilikuwa limejaa panga, mikuki na vyuma vya magari ya vita vilivyotupwa humo kama sadaka. Mwandishi anamfanya mwanafunzi ashike ncha moja ya mnyororo huo siku unapotupwa majini: uzito wake, baridi yake, kutu inayobaki kiganjani kama unga. Mimi hushika mnyororo kila siku, na ameandika kweli. Hata lile la pingili ya mwisho kukugonga kifundo cha mkono inapoponyoka.

Sasa lalamiko langu kwa mwenye meza. Kurasa 213 hadi 228 hazipo. Zimeng'oka zote pamoja, kurasa 16, na hakuniambia. Nilifika 212, mwanafunzi anamwendea mwalimu kipofu usiku, ng'ambo kunasikika nyundo za wanaojenga mashua, anaomba apewe mafundisho ya mwaka uliobaki kwa haraka. Nikafungua ukurasa unaofuata, ni 229, na mwalimu ameshakufa. Niliporudi Makoroboi nilikuwa nimekunja uso. Nilimwambia, mzee, umenipa kitabu chenye shimo, na shimo lenyewe liko moyoni.

Hakubishana. Alimalizana na mteja wa kamusi, akanivutia kreti ya soda nikae, akasema, "Hizo nazijua. Nilizisoma kabla hazijatoka." Akanisimulia. Ilikuwa kama saa kumi jioni na tulimaliza taa za barabarani zimeshawaka.

Kwa mzee, mwalimu anamwambia kijana hivi: mwaka wa mwisho hauna beti mpya. Beti zote ulishazipata mwaka wa kumi na tisa. Mwaka wa mwisho unapewa mtoto wa miaka tisa, unakaa naye, unamfundisha ubeti wa kwanza mpaka ausimamie mwenyewe bila wewe. Akiweza, wewe umemaliza na unapewa jina. Kijana anauliza, yuko wapi mtoto? Mwalimu anasema watoto wote walivushwa usiku wa jana, na baba yako ndiye aliyewavusha.

Nikakaa kimya. Ukurasa wa mwisho wa riwaya, ambao nilikuwa nimeusoma nikauona hauna maana, ukanifungukia. Miaka imepita, yule mwanafunzi amekuwa mvushaji kama baba yake, amembeba mama mmoja na binti yake mdogo. Katikati ya mkondo anasema mstari mmoja, kisha anamwangalia yule binti na kungoja. Binti anaurudia. Basi, kitabu kimeisha.

Nilimuuliza mzee kama ndivyo ilivyoandikwa au ameongeza lake. Alinitazama kwa upole, akaniambia, "Haya, nisimulie wewe." Akanifanya niianze tangu pale kijana anapobisha hodi. Nilikwama mara mbili. Kila nilipokwama alinyamaza, hakunisaidia, mpaka nikakumbuka mwenyewe.

Kwa anayetaka kukikodi: nimekirudisha Jumamosi na kipo. Msomaji wa chini ya miaka 15 asipewe, kwa sababu ya ile sura ya moto. Sura ya saba ya mawe unaweza kuipitia haraka. Maelezo ya nyuma ya mwandishi usiyaruke, ila yasome mwishoni. Ukifika ukurasa wa 212 usigeuze, funga, nenda Makoroboi jioni jua likiwa limepoa na wateja wamepungua, umwambie mzee umefika kwenye nyundo. Usiende siku ya mvua, maana anafunika meza kwa turubai na kuwahi daladala. Na uwe na muda, atakutaka urudie.